Vitufe vya mishale katika programu za kompyuta ya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ya wanafunzi wa mafunzo ya vitendo na ya vijana wanaotengeneza programu za ofisini hapa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe: programu za mizani ya vyama vya ushirika, za maduka ya pembejeo ya Mwanjelwa, za viwanja vya mbao vya Mafinga. Wanaozitumia ni makarani ambao mkono mmoja umeshika stakabadhi na mwingine uko kwenye kibodi, na kipanya mara nyingi hakipo mezani, au kipo lakini kimekufa. Kwao mshale ndio usukani. Katika majibu haya neno "kitufe" ni kitufe cha kibodi, na "batani" ni ile inayobonyezwa kwenye skrini. Majina ya msimbo yameachwa kama yalivyo, kwa kuwa kompyuta haikubali mengine.

Programu yangu inapokea herufi na tarakimu zote, lakini nikibonyeza mshale hakuna kinachotokea. Kwa nini?

Kwa sababu mshale si herufi. Mtu anapobonyeza kitufe, Windows hutuma kwanza ujumbe wa WM_KEYDOWN unaoeleza ni kitufe gani kimeshuka. Kisha, ikiwa kitufe hicho kinazaa herufi, hufuata ujumbe wa WM_CHAR ukiwa umebeba herufi yenyewe. Herufi "a" hupata jumbe zote mbili, mshale hupata wa kwanza tu. Anayesikiliza tukio la KeyPress katika Windows Forms, au keyTyped katika Java Swing (zote ni zana za kujengea madirisha ya programu), amekaa kwenye mlango ambao mishale haipiti. Ahamie KeyDown, au keyPressed kwa upande wa Java.

Upo mtego unaoandamana na kosa hili. Windows huvipa vitufe vya mishale namba 37 kwa kushoto, 38 kwa juu, 39 kwa kulia na 40 kwa chini. Katika jedwali la ASCII namba hizohizo ni alama ya asilimia, alama ya &, alama moja ya kunukuu na mabano ya kufungua. Niliwahi kupitia msimbo wa mwanafunzi aliyelinganisha herufi iliyofika katika KeyPress na namba 37 akidhani ni mshale wa kushoto. Mshale haukufanya kitu, lakini kila alipoandika asilimia ya unyevu wa kahawa kielekezi kiliruka nyuma safu moja, naye alikuwa ameshakesha siku mbili akiilaumu kibodi. Usiandike namba tupu katika msimbo. Tumia majina, kwa mfano Keys.Left, KeyEvent.VK_LEFT au Qt::Key_Left.

Kwa wanaogusa macOS moja kwa moja, kanuni hii ina upekee wake: pale mshale hubebwa kama "herufi" kutoka eneo la Unicode lililotengwa kwa matumizi ya faragha, kuanzia U+F700 kwa mshale wa juu hadi U+F703 kwa wa kulia. Usiichapishe herufi hiyo kwenye maandishi ya mtumiaji.

Nimehamia KeyDown na bado mishale haifiki. Imekwenda wapi?

Imechukuliwa na mwingine kabla yako. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na karibu maswali mengine yote ni watoto wake. Kabla ya kuuliza msimbo wako una kosa gani, uliza mshale huu, kwa sasa, ni wa nani.

Katika dirisha lenye batani, visanduku vya kuteua na orodha, mfumo wenyewe una matumizi yake ya mishale: huhamisha fokasi, yaani haki ya kupokea vitufe, kutoka batani moja kwenda nyingine. Windows Forms huiita mishale, pamoja na Tab, Enter na Escape, vitufe vya dirisha la mazungumzo, na huipitisha kwenye ProcessDialogKey kabla ya kuzaa tukio lolote la KeyDown. Fokasi ikiwa juu ya batani, mshale wa kulia unaliwa palepale na batani ya jirani ndiyo inayopata fokasi. Wengi hukimbilia kuweka KeyPreview kuwa kweli kwenye fomu, wakitumaini kwamba fomu itaona kila kitu kwanza. Haisaidii, kwa kuwa KeyPreview yenyewe huja baada ya hatua hiyo.

Njia safi ni kontroli yako (kipande cha dirisha, kama batani, kisanduku au orodha) kutamka kwamba mishale ni chakula chake. Ukiwa umeandika kontroli mwenyewe, kwa mfano ramani ya viti vya basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam ambayo mkata tiketi huzunguka ndani yake kwa mishale, badilisha fanksheni ya IsInputKey:

protected override bool IsInputKey(Keys kitufe)
{
    switch (kitufe & Keys.KeyCode)
    {
        case Keys.Left:
        case Keys.Right:
        case Keys.Up:
        case Keys.Down:
            return true;
    }
    return base.IsInputKey(kitufe);
}

Angalia ile "kitufe & Keys.KeyCode". Bila hiyo, mshale ulioshikwa pamoja na Shift hautatambuliwa, kwa sababu thamani inayofika imebeba Shift ndani yake. Ikiwa kontroli si yako na hutaki kuirithi, sikiliza tukio lake la PreviewKeyDown na uweke e.IsInputKey kuwa kweli. Matokeo ni yaleyale.

Wanaoandika Win32, yaani wanaozungumza na Windows moja kwa moja bila tabaka lolote juu yake, watakutana na jambo hilohilo kwa jina jingine. IsDialogMessage ndiye anayekula mishale, na kontroli huidai kwa kujibu ujumbe wa WM_GETDLGCODE kwa DLGC_WANTARROWS. Nimeona watu wakiondoa IsDialogMessage kwenye mzunguko wa jumbe ili wapate mishale yao, kisha wakashangaa kwamba Tab nayo imekufa dirisha zima.

Rafiki yangu ameniambia nitumie ProcessCmdKey na matatizo yote yataisha. Je, ni kweli?

Yako yataisha, ya karani yataanza. ProcessCmdKey hupata kitufe mapema kuliko karibu wote, kwa hiyo ukiikamata mishale hapo kwenye fomu na kurudisha kweli, umeinyang'anya kila kontroli iliyomo ndani. Mtu akiandika jina la mkulima na kukosea herufi ya tatu, hawezi tena kurudi nyuma kwa mshale kuirekebisha. Atafuta jina lote aandike upya. Ikiwa huna budi kuitumia, angalia kwanza fokasi iko wapi, na ikiwa iko kwenye kisanduku cha maandishi rudisha base.ProcessCmdKey bila kugusa kitu. Mimi huiweka akiba kwa mikato ya fomu nzima, kama Ctrl pamoja na mshale wa chini kwa kwenda stakabadhi inayofuata, na hata hapo nasita.

Ninatumia Java Swing. KeyListener yangu ilifanya kazi asubuhi. Nimeongeza batani moja na sasa imenyamaza.

Batani imechukua fokasi. KeyListener husikia tu pale kontroli iliyofungwa nayo inapokuwa na fokasi, na JPanel haichukui fokasi yenyewe hata ukiibofya. Ulipokuwa peke yako dirishani ulikuwa unaipata kwa bahati. Unaweza kuita requestFocusInWindow kila mara, lakini huko ni kufukuzana na fokasi siku nzima.

Swing ina njia iliyo bora, ya InputMap na ActionMap, ambayo huunganisha kitufe na kitendo na kukuruhusu kuchagua masharti: kontroli yenyewe iwe na fokasi, mmoja wa watoto wake awe nayo, au dirisha lote liwe ndilo linalotumika. Sharti la tatu, WHEN_IN_FOCUSED_WINDOW, ndilo linalowavutia wengi. Tahadhari: likiwa ndani ya JScrollPane mara nyingi linashindwa, kwa sababu JScrollPane ina maunganisho yake ya mishale ya kusogeza ukurasa, nayo huulizwa kabla ya dirisha. Fungia maunganisho yako kwenye kontroli iliyo ndani yake, au yaondoe ya JScrollPane kwa makusudi. JTable nayo inajua mishale ya juu na chini tangu kuzaliwa, usiifundishe tena.

Na zana nyingine za madirisha: Qt, WPF na Tkinter?

Katika Qt, QWidget ya kawaida haipokei fokasi mpaka uiite setFocusPolicy(Qt::StrongFocus), na ndani ya keyPressEvent kitufe usichokihitaji kikabidhi kwa mzazi badala ya kukimeza. WPF hutuma tukio mara mbili, PreviewKeyDown likishuka kutoka dirishani na KeyDown likipanda kutoka kwenye kontroli. TextBox, ListBox na ScrollViewer huishughulikia mishale njiani, ndiyo maana KeyDown ya dirisha haioni kitu. Tkinter ni nyepesi: funga "<Left>" kwa bind, na ukumbuke kuita focus_set kwenye Canvas, kwa kuwa haipati fokasi yenyewe.

Mshale mmoja unasogeza mistari miwili. Kibodi imeharibika?

Jaribu kwenye Notepad. Ikienda mstari mmoja mmoja, kibodi ni nzima na kitendo kinafanyika mara mbili: wewe umekifanya, na kontroli imekifanya tena baada yako. DataGridView huzaa kwanza tukio la KeyDown, kisha, ikiwa hakuna aliyesema amemaliza, hushughulikia mshale kwa desturi yake. Ukisogeza CurrentCell mwenyewe bila kuweka e.Handled kuwa kweli, mistari itaruka. Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe katika programu ya kupokea mbao: fundi wa kiwanda alikuwa anapata vipande vya namba shufwa tu, akaniuliza kwa upole kama witiri zinalipiwa ofisi nyingine.

Sababu nyingine ni kusikiliza KeyDown na KeyUp kwa kitendo kilekile. Chagua moja. Kusogeza kufanyike kwenye kushuka kwa kitufe. Kuachia kutumike kumaliza jambo lililoanza.

Karani akishikilia mshale wa chini, orodha inaendelea kutembea hata baada ya kuachia. Nifanye nini?

Kitufe kikishikiliwa, mfumo husubiri kidogo kisha huanza kukirudia. Windows humruhusu mtumiaji kupanga kusubiri huko kati ya takribani robo sekunde na sekunde moja, na kasi ya kurudia kati ya takribani mara 2.5 na mara 30 kwa sekunde. Kila rudio ni tukio kamili la KeyDown. Ikiwa kazi unayoifanya kwa kila tukio ni ndefu kuliko nafasi kati ya marudio, matukio yanapanga foleni, na foleni haijui kwamba kidole kimeondoka.

Nililijua hili Mbozi, msimu wa kahawa, katika ofisi yenye kompyuta kuukuu na orodha ya wakulima kama elfu mbili. Kila mstari ulipochaguliwa, programu yangu ilikwenda kwenye hifadhidata kuleta picha ya mkulima na mizigo yake ya misimu iliyopita. Kwenye kompyuta yangu ya Mbeya ilikuwa kufumba na kufumbua. Pale ilichukua kama moja ya tano ya sekunde. Piga hesabu: marudio 30 kwa sekunde, kila moja ikidai moja ya tano ya sekunde, ni kazi ya sekunde sita kwa kila sekunde moja ya kushikilia. Karani alishikilia mshale kwa sekunde tatu akimtafuta mtu wa herufi M, akaachia, na orodha ikaendelea peke yake kwa robo dakika ikampita mtu huyo na makumi ya waliomfuata. Alinigeukia akasema, "Kaka, hii yako haina breki." Nje foleni ya watu wenye magunia ilikuwa imefika barabarani.

Dawa ni kutenganisha mambo mawili ambayo nilikuwa nimeyafunga pamoja. Alama ya mstari uliochaguliwa isogee papo hapo, kwa sababu ndiyo jicho linayoifuata. Kuleta picha na mizigo kusubiri: kila mstari unapobadilika, washa upya saa ndogo ya milisekunde 150 au 200, na swali la hifadhidata litumwe tu saa hiyo inapofika mwisho bila kuguswa. Anayepita mbio hatumi swali hata moja. Anayesimama anapata jibu kabla hajaona kwamba kulikuwa na kusubiri. Swali lenyewe liende nje ya uzi wa skrini, yaani mfuatano wa kazi unaochora dirisha, na jibu likirudi lilinganishwe na mstari uliopo sasa, maana huenda mtumiaji ameshaondoka na jibu la mkulima mwingine likaandikwa chini ya jina lisilo lake. Kosa hilo la mwisho ni baya kuliko ukosefu wa breki, kwa sababu halionekani.

Kutupa marudio yote, yaani kukubali mbonyezo wa kwanza tu, si dawa. Mtu mwenye orodha ya watu elfu mbili ana haki ya kushikilia kitufe. Zuia marudio pale tu kitendo kinapokuwa cha mara moja, kama kufungua dirisha au kuchapa stakabadhi. Qt hukuambia kwa isAutoRepeat. Katika Win32 biti ya 30 ya lParam (namba ya maelezo inayoandamana na ujumbe) huonyesha kwamba kitufe kilikuwa kimeshashuka kabla ya ujumbe huu.

Kwa nini kwenye Linux ninapata KeyRelease wakati bado nimeshikilia kitufe?

Ndivyo X11, mfumo wa madirisha wa Linux, inavyorudia: hutuma jozi za kuachia na kubonyeza, ilhali Windows hurudia kubonyeza peke yake. Programu iliyojaribiwa kwenye Windows pekee itadhani mtumiaji anagonga kitufe kama mtu anayetwanga. Kwa anayezungumza na X11 moja kwa moja, XkbSetDetectableAutoRepeat huondoa kuachia huko kwa uongo. Wengine huona kuachia, husubiri milisekunde chache, na wakiona kubonyeza kunafuata mara hiyo hiyo hupuuza vyote viwili.

Ninatengeneza mchezo. Nikishika juu na kulia pamoja, mhusika anafuata kitufe kimoja tu, tena kwa kusitasita mwanzoni.

Kusitasita ni ule muda wa kusubiri kabla ya marudio, na kufuata kimoja ni kwa kuwa mfumo hurudia kitufe cha mwisho kubonyezwa pekee. Mchezo usitegemee marudio hata kidogo. Weka kumbukumbu ya vitufe vilivyo chini kwa sasa, na mzunguko wa mchezo uisome kwa wakati wake:

vilivyo_chini = set()
dirisha.bind("<KeyPress>", lambda t: vilivyo_chini.add(t.keysym))
dirisha.bind("<KeyRelease>", lambda t: vilivyo_chini.discard(t.keysym))
dirisha.bind("<FocusOut>", lambda t: vilivyo_chini.clear())

Mstari wa nne ndio unaosahauliwa. Mchezaji akiwa ameshika mshale akahamia dirisha jingine kwa Alt na Tab, kuachia kwa kitufe kutaripotiwa kwa dirisha hilo jingine, na kwako kitabaki kimeshuka milele: mhusika anatembea mwenyewe mpaka ukutani. Fokasi ikiondoka, futa kila kitu.

Mwendo upimwe kwa muda uliopita na si kwa idadi ya mizunguko, la sivyo mchezo utakimbia kwenye kompyuta mpya na kujikokota kwenye ile ya maktaba. Kwa mwendo wa mshazari zidisha kila upande kwa 0.707 hivi, ukiacha, anayekwenda mshazari atakuwa na kasi iliyozidi kwa asilimia 41, na watoto watagundua kabla yako. Na kama juu, kushoto na nafasi havikubali kushikwa pamoja, huenda msimbo hauna kosa: kibodi nyingi za bei nafuu zimeunganisha nyaya za vitufe kwa namna ambayo baadhi ya vitufe vitatu havionekani kwa pamoja. Mpe mchezaji uwezo wa kuchagua vitufe vingine.

Mishale iliyo kwenye kibodi ya namba ni ileile?

Kwa sehemu. Kibodi ya kwanza ya IBM PC, ya mwaka 1981, haikuwa na mishale ya peke yake. Ilikuwa juu ya 8, 4, 6 na 2, na Num Lock ndiyo iliyoamua. Kibodi ya vitufe 101 ilipoleta mishale iliyojitenga, ishara zake zilitangulizwa na E0 ili programu za zamani zisichanganyikiwe, na alama hiyo bado ipo leo katika biti ya 24 ya lParam. Num Lock ikiwa imezimwa, 4 ya pembeni hutoa VK_LEFT bila alama hiyo. Ikiwa imewashwa hutoa VK_NUMPAD4. Java ina VK_KP_LEFT na X11 ina KP_Left kwa ajili yake. Makarani wa mizani huishi upande ule wa kibodi, kwa hiyo kubali vyote viwili isipokuwa una sababu nzito.

Katika Qt kwenye macOS mambo yamegeuka: mishale yote hubeba Qt::KeypadModifier. Msimbo unaouliza kama modifiers() ni sawasawa na Qt::NoModifier utafanya kazi Windows na kufa kwenye Mac. Chunguza tu zile unazozijali, yaani Shift, Ctrl na Alt.

Na mtu akikupigia simu kutoka Makambako kwamba mishale ya Excel "imekufa, inavuta karatasi nzima", mwambie azime Scroll Lock.

Nitumieje mishale pamoja na Shift na Ctrl?

Kama mfumo unavyowazoesha watu. Shift huongeza uteuzi. Ctrl na mshale wa kushoto au kulia huruka neno kwenye Windows na Linux; kwenye Mac ni Option inayoruka neno, na Command huenda mwanzo au mwisho wa mstari. Usibuni yako.

Ninataka kuandika kisanduku changu cha maandishi tangu mwanzo.

Usiandike, ikiwa unaweza kurithi kilichopo. Mshale wa kulia unaonekana kama "ongeza moja", lakini emoji moja inaweza kuwa vipande viwili au zaidi vya UTF-16, na kielekezi hakiruhusiwi kusimama katikati yake. Mshale wa chini unadai kumbukumbu: ukiwa safu ya 40 ukashuka kwenye mstari wenye herufi tano tu, kisha ukashuka tena kwenye mstari mrefu, watu wanatarajia kurudi safu ya 40, si kubaki ya tano. Na yeyote atakayeweka humo maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu atagundua kwamba mshale wa kushoto kwake ni wa kwenda mbele. Qt imelifikiria hili kiasi cha kuwa na mwendo wa QTextCursor::Left ulio tofauti na PreviousCharacter.

Programu yangu ni ya Electron, yaani ya mezani lakini imejengwa kama ukurasa wa wavuti. Kila nikibonyeza mshale ukurasa mzima unasogea.

Sikiliza keydown, linganisha event.key na "ArrowUp", "ArrowDown" na wenzake, na uite preventDefault, lakini pale tu ulipoutumia mshale kweli. Ukiizuia mishale popote pale, visanduku vya maandishi vitakuwa vimefungwa pingu.

Je, katika programu za dirisha jeusi la maandishi?

Kule hakuna tukio, kuna mfululizo wa baiti. Katika C kwenye Windows, _getch hurudisha kwanza 0 au 224, na wito wa pili hurudisha 72 kwa juu, 80 kwa chini, 75 kwa kushoto na 77 kwa kulia. Asiyeita mara ya pili ataona herufi H, P, K na M zikijitokeza bila kuandikwa. Katika tamino za Linux hufika baiti ya Escape, kisha mabano ya mraba, kisha A, B, C au D kwa juu, chini, kulia na kushoto, na katika hali fulani O husimama mahali pa mabano. Tumia maktaba ya msimbo ya curses, itakutofautishia mtu aliyebonyeza Escape na mwanzo wa mshale. Anayeshangaa kwa nini vi, kihariri cha maandishi, hutembea kwa h, j, k na l ajue kwamba Bill Joy aliiandika kwenye kibodi ya ADM-3A, ambayo ilichora mishale juu ya herufi hizohizo.

Kuna kipanya. Kwa nini nijisumbue?

Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilitoka bila vitufe vya mishale, kusudi watu walazimike kutumia kipanya. Vilirudi kwenye kibodi zilizofuata. Kwa makarani wetu hoja ni nyepesi zaidi: umeme ukirudi ghafla, kipanya cha bei nafuu hutangulia kufa. Wapo pia wasioona, wanaosomewa skrini na programu, ambao kwao kipanya hakina maana yoyote. Desturi iliyozoeleka ni Tab kuhama kutoka kundi moja kwenda jingine, na mishale kuzunguka ndani ya kundi: ndani ya menyu, orodha, au batani za kuchagua mojawapo. Jedwali la wakulima ni kundi moja. Usimlazimishe mtu kubonyeza Tab mara elfu mbili ili atoke.

Nijaribu nini kabla ya kupeleka programu kwa mteja?

Bonyeza kila mshale kwenye mstari wa kwanza na wa mwisho wa orodha, na kwenye orodha tupu. Shikilia mshale wa chini kwa sekunde tano kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote ulizonazo, yenye data halisi na si mistari kumi ya mfano, kisha achia na utazame inasimama wapi. Hama dirisha ukiwa umeshikilia. Washa na uzime Num Lock. Mwezi wa saba Njombe vaa glovu za sufu kama wanavyovaa wenyewe, maana kidole kinene hugonga mshale wa chini pamoja na wa kulia. Halafu chomoa kipanya, ingiza stakabadhi za siku nzima, na kila mkono wako utakapokwenda kukitafuta andika jina la dirisha ulilokuwamo.